Ukinyamaza ndiyo umekubali? Naomba mawazo yenu

dada_wa_tabata: Habari wadau. Nina miaka 27, kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Pasaka. Kuna kaka tulikuwa tunachati kama miezi miwili, akanitumia nauli nikaenda kwake, tukala chipsi kuku, tukaangalia muvi mpaka saa tano usiku. Alipoanza kunisogelea nikamwambia subiri kwanza, akasema "acha kujishaua, ulifuata nini huku?" Nikanyamaza. Sikupiga kelele wala sikumsukuma, nilikuwa naangalia viatu vyangu pale mlangoni nawaza boda ya usiku mpaka kwetu ni bei gani, kwenye simu nina buku mbili tu. Rafiki yangu ananiambia nilikubali mwenyewe maana nauli nilipokea. Kweli nilikubali??

kaka_mkubwa: Pole dada. Ila mwanaume hasomi moyo wa mtu, ungesema hapana ya kueleweka. Wengi mnasema sitaki kumbe mnataka, sisi tutajuaje?

somo_wa_tanga: Mwanangu pole sana. Mimi nimecheza wari, yaani kuwafunda mabinti, miaka mingi na nitasema ukweli, hapo makosa mengine ni yetu. Tunamfundisha mwali asioneshe anataka, aseme sitaki kwa madaha, huku vijana wa kiume wanakua wakiambiwa sitaki ya mwanamke ni sitaki nataka. Sasa asiyetaka kweli atatumia neno gani?? Tumempokonya neno halafu tunamuuliza mbona hukusema. Na wewe kaka_mkubwa, "subiri kwanza" ni Kiswahili, hajaongea Kichina. Hujui anataka au hataki? Muulize, na ukiona mtu kakauka kama gogo acha, mpe maji, mwitie boda. Kuna wanaokimbilia ile ya binti kuulizwa posa akanyamaza ikahesabika karidhia, jamani ile ni posa, anaulizwa na walii wake, yaani baba au msimamizi wake wa ndoa, huwezi kuibeba ukaingia nayo chumbani kwa mtu saa tano usiku. Na nauli ni nauli, imelipia daladala basi.

mwanasheria_mtaani: Naongezea. Tanzania tangu ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema wazi kwamba si lazima kuwe na majeraha ya kuonesha ulipambana. Kwa hiyo hilo la "mbona hukumsukuma" sheria haiulizi. Kenya sheria yao ya 2006 inasema kukubali ni kwa hiari, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Wakati muswada wake unajadiliwa mbunge mmoja alisimama akasema wanawake wa Kiafrika wakisema hapana wanamaanisha ndiyo, wabunge wanawake wakatoka nje. Kinachoniuma ni kwamba kote kuwili mke anayeishi na mumewe ameachwa nje ya kifungu cha ubakaji, kana kwamba mahari ilinunua ndiyo ya maisha! Dada, kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto.

dada_wa_tabata: Asanteni. Somo nimesoma hapo pa neno nikalia. Lile "ulifuata nini" ndilo lililonifunga mdomo, niliona kama nina deni. Kesho natoka kazini saa tisa, napitia kwa shangazi nimwambie yeye kwanza, halafu twende wote dawati.