Mtoto mwenye hemofilia anaanza darasa la kwanza, walimu waambiwe nini?

Mzazi_Mgeni:
Habari zenu. Mwanangu ana hemofilia A kali, ule ugonjwa wa damu kuchelewa kuganda. Mwalimu mkuu anataka maelekezo kwa maandishi. Niandike nini? Nikizidisha, nahofia watamkalisha pembeni kila kipindi cha michezo.

Muuguzi_Damu:
Ukurasa mmoja tu, mzazi mwenzangu. Kurasa sita zitaishia kwenye faili.

Anza na kichwa. Akigonga kichwa, shingo au tumbo, dalili hazisubiriwi: sindano ya faktari 8 (protini ya kugandisha damu anayoikosa) kwanza, vipimo baadaye. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu saa kadhaa mtoto akiwa anacheza kama kawaida.

Kisha viungo. Walimu wengi hungoja wauone uvimbe, na hapo wameshachelewa. Mtoto huhisi mapema: goti linamtekenya kwa ndani, lina joto, hataki kulinyoosha. Akisema, aaminiwe. Barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15, mguu uinuliwe, upigiwe simu. Damu ikirudiarudia kiungo kilekile inakula gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa.

Mikwaruzo? Osha, gandamiza, funga, arudi darasani. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya wenzake, inachelewa kukatika tu.

Mwalimu_Zamu:
Naongezea pua. Akae, ainamie mbele, abane sehemu laini dakika 10 mfululizo, asiachie ili kuchungulia. Ule mtindo wa kuangalia juu unashusha damu kooni, anaishia kutapika.

Bandika kwenye sanduku la huduma ya kwanza: ASPIRINI NA IBUPROFENI MARUFUKU. Maumivu ni parasetamoli. Siku za chanjo pia, asichomwe sindano ya msuli kabla kliniki yake haijashauri.

Kuogelea ruksa, tena kunajenga misuli inayoshika viungo. Ndondi, mieleka na raga, hapana.

Mzazi_Mgeni:
Asanteni sana. Na dawa ikae shuleni?

Muuguzi_Damu:
Sindano za ratiba achomwe nyumbani asubuhi, ili kiwango cha faktari kiwe juu saa za kukimbiakimbia. Dozi ya dharura ikae shuleni na vifaa vyake vyote, kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandishia; ikiganda imeharibika. Wakati wa kuchanganya kichupa huzungushwa taratibu, hakitikiswi. Tarehe ya mwisho uikague kila muhula.

Kama pale shuleni hakuna aliyefundishwa kumchoma, andika wazi kwamba dawa iondoke pamoja na mtoto kwenda hospitali. Si kila hospitali inayo.