MREJESHO: Baba mwenye stenti ya moyo aliyekuwa akivuja damu kwa warfarin na aspirin

Wakuu, shukrani sana. Niliuliza kuhusu mzee wangu: aliwekewa stenti (kibomba kidogo kinachoshikilia mshipa wa moyo usizibe) zaidi ya mwaka mmoja sasa, mapigo ya moyo hayana mpangilio, anameza kila siku warfarin na aspirin, zote za kuzuia damu kuganda, na ufizi haukauki damu.

Aliyeshauri tumuulize daktari kama aspirin bado inahitajika, Mungu akubariki. Daktari alisema mwaka ukishapita bila tatizo jipya, wagonjwa wengi wa aina hii hubaki na dawa moja tu ya kuzuia damu kuganda. Mbili kwa pamoja huongeza kutokwa damu. Akaisimamisha aspirin. Waliosema tuikate wenyewe, samahani, hatukuwasikiliza: stenti ikiziba ghafla ni msiba.

Mdau mwingine alisema tukague dawa za maumivu, maana baadhi zikichanganywa na warfarin huongeza kutokwa damu. Kwenye mfuko wa koti la mzee tukakuta diclofenac, mojawapo ya hizo, karatasi imebaki vidonge viwili. "Hiyo ya goti tu," anasema! Sasa anatumia paracetamol, kwa kipimo alichopangiwa.

Ufizi umetulia, mswaki hautoki mwekundu tena. Ila INR (kipimo cha damu kinachoonyesha warfarin inafanya kazi kiasi gani) bado inayumba: lengo ni 2 hadi 3, mara 1.7, mara 3.4. Mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarin, ila mchicha na matembele hatujamkataza, tunajitahidi asile sahani moja leo na tatu kesho. Kuhamia rivaroxaban, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ambayo haihitaji kupimwa INR, daktari hana pingamizi ila bei imetushinda. Kwa hiyo tupo na warfarin na foleni ya maabara.