Kuziba kwa rezini shingo za meno zilizolika: mbona maziba yanabanduka, na yanapaswa kudumu miaka mingapi?

Tabibu_Kinywa
Habari za kazi wakuu. Nauliza kuhusu shingo za meno zilizolika, zile zenye umbo la kabari kwenye chonge na magego madogo, upande wa shavuni. Utaratibu uliopo kituoni: kompoziti ya rezini (ziba la rangi ya jino), bondi (gundi yake) ya chupa moja isiyohitaji kupaka asidi kando kwanza, jino halichongwi, mate yanazuiwa kwa pamba. Kwa wazee hasa, ziba linatoka zima zima kabla ya mwaka kuisha, na chini inabaki dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya enameli) ya manjano iliyokoza, inang'aa kama kioo. Yasiyotoka yanaweka mstari wa kahawia upande wa enameli (gamba gumu la nje la jino). Tatizo ni bondi, kompoziti, au jino lenyewe? Na mgonjwa akiuliza litadumu muda gani, aambiwe nini?

Fundi wa Rezini
Mkuu, hiyo dentini inayong'aa ndiyo jibu. Mirija yake imeshazibwa na madini, na juu kuna utando mgumu wenye madini kupita kawaida. Asidi hafifu iliyomo kwenye bondi ya chupa moja inaishia kwenye utando huo. Ziba likitoka zima na dentini ikabaki safi, bondi haikushika. Ukikuta vipande vya rezini vimebaki jinoni, hapo ndipo ushuku kompoziti au namna meno yanavyogongana.

Safisha kwa pumisi (unga wa kusugulia) na maji matupu. Dawa ya mswaki ina vitu vinavyoacha utando. Kisha pitisha kichwa cha almasi juu ya dentini kwa wepesi mpaka mng'ao upotee, basi. Hakuna haja ya kuchimba shimo. Asidi ya fosforiki ya asilimia 37 ipake kwenye enameli tu, sekunde 15 hadi 30, osha vizuri. Hatua hiyo peke yake inapunguza sana ule mstari wa kahawia.

Bondi haipakwi, inasuguliwa: kibrashi kitembee sekunde 20 nzima. Puliza hewa taratibu mpaka usione kitu kinachotembea juu ya dentini. Kikiendelea kucheza, kiyeyushi (kimiminika kinachobeba bondi) bado kimo, na ukiwasha taa ya kugandishia unakifungia humo humo. Kama unaweza kuchagua, chukua bondi yenye kemikali ya 10-MDP, maana inashikana na kalsiamu ya jino kikemikali.

Kompoziti iweke kwa tabaka mbili, kila moja isizidi milimita 2, na tabaka la kwanza liguse ukuta mmoja tu. Rezini husinyaa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi ya ujazo wake inapogandishwa. Ikishika kuta zote mbili kwa mpigo, inajivuta kutoka upande dhaifu, yaani ufizini kusiko na enameli.

Kuhusu muda: Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walifuatilia bondi ya hatua mbili yenye 10-MDP kwa miaka 13 kwenye shingo za namna hii, na yaliyobanduka yalikuwa machache. Kutoka ndani ya mwaka si hali ya kawaida ya rezini.

Mzee wa Ayonoma
Yote sawa, ila mimi ningeanza na unyevu. Ukingo wa chini wa shimo uko usawa wa ufizi au chini yake, na pamba haizuii majimaji yanayotoka kwenye ufizi wenyewe. Tumia mpira wa kutenga jino na kibanio namba 212. Ukikosa, weka uzi wa kusukuma ufizi namba 00 kabla ya kugusa bondi. Ufizi ukitoa damu, kloridi ya alumini inasaidia, lakini ioshe mpaka iishe. Salfeti ya feri iache: inatia weusi na kuharibu mshiko.

Pakikataa kukauka, usilazimishe rezini. Weka glasi ayonoma (saruji ya meno inayoshika jino yenyewe) iliyochanganywa na rezini: asidi ya poliakriliki ya asilimia 10 kwa sekunde 20, osha, dentini ibaki na unyevunyevu kidogo. Kwa kushika shingoni ni miongoni mwa zinazofanya vizuri zaidi. Ubaya wake ni sura: inakwaruzika na kupoteza rangi. Kwa jino linaloonekana, ayonoma chini, kompoziti juu.

Tabibu_Kinywa
Nashukuru sana wakuu. Mawili yamebaki: kompoziti laini ya sindano ina faida hapa? Na wagonjwa wa upande wa Arusha wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi?

Fundi wa Rezini
Ya sindano inapinda zaidi jino linapobanwa, kwa hiyo kinadharia ni nzuri. Kwenye majaribio ya kliniki tofauti haijawa kubwa. Angalia tu isitiririke chini ya ufizi, kwa sababu ziada pale ni makazi ya uchafu. Itoe kwa kisu namba 12, kata kuelekea upande wa jino.

Enameli yenye floraidi nyingi inakataa asidi. Chonga juu juu kwanza, halafu asidi ikae hadi sekunde 60. Kwenye enameli tu!

Na taa ipimwe. Ncha iliyogandiwa na rezini ya zamani inakula mwanga, na shingo ya gego inalazimisha kuishika kwa mshazari. Iwe karibu iwezekanavyo, sekunde 20 kila tabaka.

Mzee wa Ayonoma
Usisahau chanzo. Anayesugua meno kwa mkaa, kwa mswaki mgumu, au mara tu baada ya ndimu na embe bichi, atalika pembezoni mwa ziba hata likishika. Mpe mswaki laini, na asubiri angalau nusu saa baada ya vitu vichachu.

Ukikuta mstari wa kahawia tu, usitoe ziba zima, kwa kuwa kila ukitoa unaondoka na kiasi cha dentini yenye afya. Piga msasa kwa diski. Usipotoka, kwaruza ukingo huo, asidi, bondi, kiraka kidogo cha kompoziti.