Nimepandisha toleo jipya PyPI, risiti za watu zimeharibika. Nifanyeje?

Fundi_Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya, nina jambo limenikaa kooni. Kuna kifurushi kidogo cha Python (si cha bando) nilikiweka PyPI (ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python), kinageuza magunia na madebe ya viazi kuwa kilo, lumbesa ikiwemo. Nilikiandika kwa ajili ya duka la shemeji, kumbe watu wa Njombe na Makambako nao wanakitumia.

Jumapili nikapandisha 1.4.0. Zamani kazi (function) yake ya kilo_za_gunia ilirudisha namba moja. Nikaona bora irudishe jozi, kilo na madebe kwa mpigo. Kwangu ikakubali. Jumatatu alfajiri jamaa wa Makambako ananipigia anafoka. Programu yake inazidisha jibu kwa bei, 800 kwa kilo, na Python ukiiambia izidishe jozi kwa 800 wala hailalamiki, inairudia jozi ile mara 800. Risiti imetoka na namba 1,600, karatasi inashuka hadi sakafuni, mkulima kasimama, fuso linanguruma nje. Na yeye hakugusa kitu! requirements.txt yake, ile orodha ya vifurushi anavyohitaji, imeandika jina tu bila toleo, seva ikajengwa upya usiku ikavuta 1.4.0.

Nifute 1.4.0 nipandishe nyingine kwa namba ileile?

mzee_wa_terminali:
Usifute, mdogo wangu. Kwanza PyPI hawapokei tena faili lenye jina lililokwisha kutumika, hata ukilifuta. Pili, huenda kuna mtu keshaandika ==1.4.0 (toleo hilo tu, si jingine), naye utamwangusha. Mwaka 2016 jamaa mmoja aliondoa kifurushi chake left-pad kule npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, mistari 11 tu, miradi chungu nzima ikagoma kujengeka.

Liyanki hilo toleo, yaani liwekee alama kule PyPI kuwa lisichukuliwe, bila kulifuta. Pip, kile kisakinishi cha vifurushi, italiruka, isipokuwa kwa aliyelitaja kwa ==. Halafu usiku huuhuu toa 1.4.1 yenye tabia ya zamani, maana aliyekwisha kusakinisha 1.4.0 kuyanki hakumrudishi nyuma, anahitaji namba kubwa zaidi ya kupandia.

binti_kihesa:
Nakazia. Ila kaka, kosa halikuwa jozi, kosa ni namba. Tarakimu ya kati ukiibadilisha unawaambia watu "nimeongeza, sijavunja". Ukivunja ni 2.0.0. Tena hapa hukuwa na haja ya kuvunja, ungeongeza kazi mpya kilo_na_madebe, ile ya zamani ukaiacha palepale.

Msafwa_wa_Mwanjelwa:
Mimi ningebadilisha jina la kifurushi kabisa. Vifurushi vikubwa kama Jinja2 walifanya hivyo, beautifulsoup4 pia. Wa zamani wanabaki na chao.

binti_kihesa:
@Msafwa_wa_Mwanjelwa hayo ni mambo ya kifurushi kizito. Huyu ana kazi tatu za magunia, majina mawili ya nini?

Fundi_Uyole:
Nimeyanki, na 1.4.1 iko hewani. Jamaa kanijibu "sawa" tu, bado kanuna. Sasa nikija kuiondoa kweli kazi ile ya zamani, niwaonye kwanza kwa DeprecationWarning (onyo la Python kuwa kitu kitaondolewa)?

mzee_wa_terminali:
Hiyo mtumiaji wa kawaida haioni. Python inaificha ikitokea ndani ya kifurushi, labda awe anaendesha pytest, chombo cha kupimia programu. Tumia FutureWarning, inajitokeza yenyewe. Na uwape muda. Pandas, kifurushi cha majedwali ya data, walianza kuonya kuhusu kazi ya append ya DataFrame kwenye 1.4, Januari 2022, wakaiondoa kwenye 2.0, Aprili 2023. Zaidi ya mwaka, na bado watu walilia. 2.0.0 yako itangulie kama 2.0.0rc1, toleo la majaribio, pip haiichukui mpaka mtu aombe kwa --pre. Mpe jamaa wa Makambako aijaribu kwanza.

binti_kihesa:
Na umwambie aandike >=1.4.1,<2 kwenye requirements.txt yake, yaani kuanzia 1.4.1 ila chini ya 2. Mwambie kwa simu, akishapoa.

Fundi_Uyole:
Nampigia kesho baada ya mnada.