Kifungua kinywa cha watoto siku za shule: kipi kiandaliwe usiku, kipi asubuhi?

MamaZuhura
Salamu wadau. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Wanaamka saa 12 asubuhi, gari la shule linapita saa 12:40. Ukitoa kuoga na kuvaa, zinabaki dakika 15 za mezani, na nyingi zinaishia kwenye chai ya rangi na mkate mweupe. Saa 3 njaa imeshawarudia. Naomba utaratibu, siyo orodha ya vyakula bora, maana hizo zimejaa kila mahali. Kipi kiandaliwe usiku, kipi asubuhi, na kipi hakifai kulala? Friji ninayo, oveni sina. Halafu huyu mdogo akiamka hataki hata kuona chakula.

JikoMapema
Mama Zuhura, chai na mkate mweupe humeng'enywa upesi, na hapo hakuna protini wala mafuta ya kutosha kuchelewesha njaa. Ongeza yai, mtindi au siagi ya karanga, na tunda. Kazi ya asubuhi iwe kupasha tu.

Uji upike jioni wakati jiko linatumika kwa chakula cha usiku. Usiuache sufuriani hadi asubuhi. Usikae nje ya friji kwa muda unaozidi saa mbili. Mimina kwenye chombo kipana, kina cha vidole viwili hivi, upoe haraka, kisha funika uweke kwenye friji. Asubuhi utakuta umeganda. Wengi hukosea hapa: wanamwaga maji yote kwa mkupuo na kuongeza moto, basi chini unaungua huku juu kumejaa madonge. Uponde kwanza kwa mwiko, tia robo kikombe cha maziwa ya moto, koroga hadi ulainike, ndipo uongeze robo nyingine. Moto uwe mdogo, na uuache utokote kabla ya kuepua.

Kuuhifadhi kwenye chupa ya chai usiku kucha sikushauri, hasa ukiwa na maziwa. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 unabaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo bakteria huzaliana.

Bi_Lishe
Kuhusu mdogo: tatizo huenda likaanzia usiku. Mtoto aliyekula saa 3 usiku akalala akiwa ameshiba huenda asiwe na njaa saa 12 asubuhi. Rudisha chakula cha usiku saa 12:30 au saa 1. Asubuhi mpe maji kidogo, aoge, avae, chakula kiwe cha mwisho. Hizo dakika 25 hivi huweza kuamsha hamu. Umpakulie kidogo, aombe nyongeza mwenyewe. Usimtangulizie kikombe kikubwa cha maziwa, kwani kitamjaza tumbo na sahani itarudi ilivyo.

Chai ya rangi iondoe kabisa kwenye mlo huo. Tanini zake, yaani kemikali zinazoipa chai ukakasi, hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na kunde. Tunda lenye vitamini C, chungwa kwa mfano, hufanya kinyume chake, kwa hiyo liliwe pamoja na uji, siyo baadaye.

MamaZuhura
Nashukuru sana. Je, mayai naweza kuchemsha ya wiki nzima? Na ndizi nikizikatakata usiku?

JikoMapema
Mayai ndiyo, ila yabaki na maganda. Hukaa siku 7 kwenye friji. Ukishayamenya, yaliwe siku hiyohiyo. Yatie kwenye maji yanayochemka tayari, dakika 10 hadi 11, kisha moja kwa moja kwenye maji baridi. Ukianzia maji baridi, ganda hung'ang'ania. Ukipitiliza muda, kiini huzungukwa na rangi ya kijani. Hakina madhara, lakini harufu yake watoto wengi huikataa. Asubuhi yaloweke dakika 5 kwenye maji ya moto, na maganda yake, yapate uvuguvugu.

Ndizi hapana, huwa nyeusi. Kata asubuhi.

Siku ambayo hutaki kuwasha jiko kabisa, tumia oti. Kwa kila mtoto, nusu kikombe cha oti, nusu kikombe cha maziwa, vijiko vikubwa 2 vya mtindi, changanya usiku uweke kwenye friji. Zikiwa nzito mno asubuhi, ongeza maziwa kidogo. Oti huendelea kunywa majimaji usiku kucha. Sukari usitie, ndizi iliyoiva sana inatosha.

Bi_Lishe
Naongezea kwa hiyo siagi ya karanga: ipake nyembamba, kwani donge lake linaweza kumkaba mtoto mdogo. Na kama watakula njiani, uliza kwanza shuleni. Kuna shule zinazokataza karanga kwa ajili ya watoto wenye mzio.