Wadau wa Clojure (lugha ya programu): laibrari mnayoijenga watu wengi kwa wakati mmoja mnaibebaje? Tupeane uzoefu

Habari wakuu. Sisi tuko watatu, kuna repo (hifadhi ya kodi) ya mfumo wenyewe na repo mbili za laibrari zetu, na wote tunazigusa siku hiyo hiyo. Wiki iliyopita nimepoteza siku nzima natafuta kosa ambalo kwangu lipo kwa mwenzangu halipo, kumbe kwenye project.clj (faili la mipangilio ya mradi) wote tumeandika 0.3.0-SNAPSHOT, yaani vesheni ya muda ambayo yaliyomo yanaweza kubadilika jina likibaki lile lile, maandishi yale yale, ila mimi usiku wake nilipiga lein install (amri ya Leiningen, zana ya kujenga miradi ya Clojure, inayoweka laibrari kwenye kompyuta yako) nikijaribu kitu changu, jar (faili la laibrari iliyojengwa) ikabaki kwenye ~/.m2, folda ya laibrari za kompyuta yangu, na ndiyo ikawa inasomwa. Imeniuma maana nilishaanza kumlaumu mtu asiye na kosa. Nyie mnafanyaje?

#2
Pole sana mkuu. Na ujue hata bila hiyo install, Leiningen kwa kawaida inauliza seva kuhusu SNAPSHOT mara moja tu kwa siku, kwahiyo ukivuta saa mbili asubuhi na mwenzio akapandisha saa nne, wewe unabaki na ya zamani mpaka kesho, labda upige lein -U deps ili iulize upya. Kwetu SNAPSHOT haiingii kabisa kwenye tawi kuu. Vesheni kamili ukishaipandisha Clojars (hifadhi ya pamoja ya laibrari za Clojure) huwezi kuipandisha tena juu yake, 0.3.0 ni ile ile kwa kila mtu.

#3
Mimi natumia folda ya checkouts ya Leiningen, naweka symlink (kiungo cha kuelekeza kwenye folda) ya laibrari humo, nikibadilisha kitu REPL (dirisha la kujaribia kodi papo hapo) inakiona bila kuinstall. Tamu mno. Ila siku moja nikamaliza kazi, nikamerji upande wa mfumo, nikasahau kupushi laibrari. Kwangu majaribio yote yalipita kwa sababu checkouts iko kwenye kompyuta yangu tu, kwa wengine kila kitu kikagoma na mwenzangu alikesha akihangaika mpaka saa saba usiku. Tangu siku hiyo kabla ya kumerji naondoa checkouts kwanza ndo napiga majaribio. Alafu ukiongeza dipendensi mpya (laibrari nyingine inayotegemewa) ndani ya laibrari, bado utahitaji lein install kwenye laibrari hiyo.

#4
Sisi tulihamia deps.edn, faili la dipendensi la zana ya Clojure yenyewe (clj), badala ya Leiningen. Wakati wa kujenga ni :local/root (inaelekeza kwenye folda ya kompyuta yako), tena ndani ya aliasi (mipangilio ya hiari) yenye :override-deps ili njia ya folda ya mtu isiwaharibie wengine, ukimaliza unaandika :git/url na :git/sha, yaani anwani ya repo na kitambulisho cha komiti (badiliko lililohifadhiwa). Komiti haibadiliki, ndo raha yake.

Kilichotufunza zaidi ni hiki. Watu wawili walichukua laibrari ya msingi, kila mmoja akafungua tawi lake, laibrari A ikataja sha ya huyu na laibrari B ikataja sha ya yule. Mfumo unazitaka zote mbili, clj ikakataa kabisa, maana hakuna komiti iliyomzaa mwenzake, haiwezi kujua ipi ni mpya. Mwanzoni tulikasirika, lakini ilikuwa sahihi, ilitulazimisha tukae tumerji msingi kwanza. Leiningen ingechagua ile iliyo karibu na juu ya mti wa dipendensi na ungekuja kushtuka baadae, usipozoea kuangalia lein deps :tree, amri inayoonyesha mti huo.

#5
Zana zote hizo hazisaidii kama mtu anageuza maana ya fanksheni iliyopo. Kwetu mtu aligeuza mpangilio wa argumenti mbili, na Clojure haikagui aina kabla, ikaja kulipuka kwenye ripoti za mwisho wa mwezi. Rich Hickey, aliyeiunda Clojure, aliliongelea mwaka 2016, ongeza usivunje, ukitaka tabia mpya ipe jina jipya. Sisi sasa ya zamani inabaki hapo hapo, mpya inapewa jina lake, kila mtu anahama kwa muda wake.

Mleta mada
Asanteni sana wakuu, leo nimefuta hiyo jar na SNAPSHOT zote mbili. Je kuna aliyeunganisha kila kitu kuwa repo moja?

#4
Ndio, mradi wetu wa pili uko hivyo. :local/root "../msingi", na komiti moja inabadilisha laibrari na mfumo kwa pamoja. Kwa watu watatu ningeanzia hapo.