Skripti ikiuliza "n/h", hiyo n ni ndiyo au ni no?

Jamani, nina hasira na naandika nikiwa nayo.

Ofisini kwetu, kliaringi (tunawatolea watu mizigo bandarini), karibu na Kilindini, Mombasa, kuna skripti ya Bash, yaani faili ya amri ambazo kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine, ya kusafisha folda ya hati zilizoskaniwa. Aliyeiandika alishaondoka. Alhamisi dada wa deski akaambiwa aiendeshe. Ikamuuliza: "Futa zote? n/h". Miaka yote kompyuta zimemzoesha kuwa n ni "no", akabonyeza n. Kumbe kwa huyo bwana aliyeiandika n ni ndiyo, h ni hapana! Tena kupokea jibu alitumia amri ya read -n 1, ile inayochukua herufi moja papo hapo bila kungoja Enter, kwa hivyo hata nafasi ya kujirudi hakupata. Hati za wateja za wiki tatu zimekwenda. Kilichofutwa kwa rm, amri ya kufuta, hakiendi kwenye pipa ukakiokote.

Kesho yake akafokewa yeye. Kosa lake lipi? Alikataa, ikahesabiwa amekubali.

Nikaifungua skripti, nikakuta makubwa zaidi:

if [ "$jibu" != "h" ]; then rm ...

Yaani chochote kisichokuwa h ni ruhusa. H kubwa, inafuta. Enter tupu, inafuta. Ukiiweka kwenye cron, ile inayoendesha kazi yenyewe kwa saa ulizopanga, ambako hakuna wa kubonyeza kitu, read inarudi mikono mitupu, inafuta. Na ukiiendesha kwa amri ya sh badala ya bash kwenye Ubuntu, ile sh ni dash, programu nyingine ya kusoma skripti, haiijui hiyo -n. Italalamika "Illegal option -n", jibu libaki tupu, kisha ishuke moja kwa moja hadi kwenye rm bila kumngoja mtu yeyote.

Kwetu ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unarudi zako. Huvunji mlango ukasema hukukatazwa!

Nimeiandika upya usiku ule ule:

read -r -p "Andika FUTA kuendelea: " jibu || exit 1
[ "$jibu" = "FUTA" ] || exit 1

Neno zima, halafu Enter. Kingine chochote ni hapana, na kimya pia ni hapana. Mistari miwili tu, wallahi, ndiyo iliyomshinda mtu.

Nyinyi mlioziachia ofisi za watu skripti za namna hii, rudini mkazifungue. Yule dada tangu jana anawapigia wateja simu mmoja mmoja kuomba nakala upya, na hakuna aliyemtaka radhi.